Matumbawe magumu kwenye nyumba ya Dar: shughulikia joto na umeme kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Kijitonyama, ghorofa ya tatu. Nina tanki la kioo la lita 60 ambalo nilikuwa nafugia samaki wa maji baridi. Juzi nilikwenda kuogelea Bongoyo nikaona yale matumbawe yenye matawi, nikayapenda mno, nataka kufuga machache nyumbani. Je, lita 60 zinatosha? Naweza kuchota maji Coco Beach na kuchukua kipande cha tumbawe huko huko kisiwani? Ninunue nini kwanza? Na samaki aina ya kangaja wanaweza kukaa humo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na yale ya haraka. Lita 60 ni chache, ila tanki lako usiliuze, nitakuonyesha kazi yake. Maji ya Coco Beach hapana. Kipande cha Bongoyo hapana kabisa. Kangaja nitamfikia mwishoni. Unachokitaka kinawezekana Dar, tena kuna mambo tunayowazidi watu wa nchi za baridi, maana wao wanachoma umeme mwaka mzima kupasha maji moto. Sisi tuna kazi ya kuyapoza.

Ujue kwanza unafuga nini. Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake wanaishi vijimwani visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupokea mwanga na kumpa mwenyeji wao chakula. Huyo mwenyeji naye hunyonya kalsiamu na kaboneti kwenye maji akajijengea kiunzi cha chokaa. Matumbawe laini hayana ujenzi huo mkubwa, ndiyo maana yanavumilia mfugaji mzembe. Haya magumu, hasa yale ya matawi ya jenasi ya Acropora uliyoyaona, yamezoea maji ambayo chumvi na kemia yake havibadiliki kati ya asubuhi na jioni. Kwenye tanki dogo vinabadilika kati ya chakula cha mchana na cha usiku. Kwa hiyo kila shilingi yako ya mwanzo iende kwenye vitu vinavyozuia mabadiliko, na taa za kupendeza zije baadaye.

Joto. Bahari yetu ina nyuzi kama 25 au 26 mwezi wa Agosti, na mwezi wa Machi, kaskazi ikiishia, inafika 29 hadi 30. Matumbawe yanaishi karibu sana na ukomo wake: yakikaa wiki kadhaa kwenye maji yaliyozidi kiasi cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja tu, yanatapika vijimwani vyake na kupauka. Mwaka 1998 ilitokea hivyo Bahari ya Hindi yote ya magharibi, Tanzania ikiwemo, na matumbawe mengi yalikufa. Sasa fikiria chumba cha ghorofa ya tatu, madirisha yamefungwa, uko kazini, na pampu nazo zinaongeza joto ndani ya maji. Tanki lako lishikilie kati ya nyuzi 25 na 27.

Kabla hujanunua chochote, jaza ndoo kubwa maji, iweke pale pale utakapoweka tanki, tumbukiza kipimajoto. Kwa wiki mbili andika joto saa tisa alasiri na saa kumi na moja alfajiri. Ukiona maji ya ndoo yenyewe yanafika 29, jua tanki lenye pampu na taa litapita 30. Hapo ndipo unachagua. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hadi tatu kwa kuyakausha, na wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, inakutosheleza. Masika hali ni nyingine: hewa imejaa unyevu, maji hayakauki vizuri, feni inazunguka bure. Kama chumba kina AC inayowaka mchana kutwa, umemaliza, ila ihesabu kwenye luku. Kama hakina, nunua chila, ile mashine ya kupoza maji yenye kompresa. Iweke mahali inapopumua, maana joto inalolitoa kwenye maji inalimwaga chumbani. Ukiifungia kabatini chini ya tanki itajipikia yenyewe. Ningekuwa na bajeti ya kununua kitu kimoja tu cha gharama, ningenunua chila na kuanza na taa ya wastani.

Umeme. Watu wengi wakifikiria kukatika kwa umeme wanawaza taa. Taa ndiyo ya mwisho: matumbawe yanakaa gizani siku mbili tatu bila shida kubwa. Kinachoua ni maji kusimama. Yakisimama, oksijeni inakwisha, hasa usiku, kwa kuwa samaki, matumbawe na bakteria wote wanaivuta kwa pamoja. Kwa hiyo pampu ya mkondo moja iwe kwenye betri na inveta, hata kama kila kingine kimezima. Hesabu yake si ngumu. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo unazo 600. Pampu ya wati 15, ukijumlisha na kinacholiwa na inveta, itazunguka karibu saa 24. Chila usiitie humo, itamaliza betri kabla hujapata usingizi. Joto likipanda wakati hakuna umeme, weka chupa ya plastiki iliyogandishwa maji, kifuniko kikiwa kimekazwa vizuri, ielee kwenye tanki la matumbawe penye ile pampu ya mkondo, ukiibadilisha taratibu.

Umeme ukirudi nao una vituko vyake. Weka kilinda friji, kile kinachochelewesha dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kwa sababu kompresa ya chila haipendi kuwashwa na kuzimwa ghafla. Soketi zote ziwe juu kuliko usawa wa maji au kando, na kila waya ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji ya chumvi likifuata waya lidondokee sakafuni. Mwite fundi umeme akufungie swichi inayokata umeme ukivuja. Maji ya chumvi na umeme havina mzaha.

Sasa tanki. Tafuta fundi vioo akutengenezee la sentimita 75 kwa 45, kimo 40. Ukilijaza hadi ukingoni ni lita 135. Ukitoa mawe na nafasi ya juu unabaki na kama 115. Lile la lita 60 liweke chini yake kabatini liwe tanki la chini, ambamo itakaa skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, pampu ya kurudisha maji juu na bomba la chila. Lijaze lita 35 tu. Nafasi inayobaki juu si ya urembo: umeme ukikatika, maji ya juu yatashuka mpaka usawa wa tundu la bomba, na lazima yapate pa kukaa. Jaribu mwenyewe siku ya kwanza kabla hujatia chumvi: chomoa pampu, simama uangalie. Yakifurika, punguza maji au toboa kitundu kidogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji, ili livute hewa mapema. Wapangaji wa ghorofa ya pili watakushukuru. Mzigo wote, kioo, maji na mawe, utakaribia au kupita kilo 200, kwa hiyo kabati liwe la mbao ngumu au chuma na likae kando ya ukuta, mbali na katikati ya chumba.

Kwa matanki mawili hayo una lita 150 za maji, na hesabu zote nitakazokupa hapa chini ni za lita hizo.

Maji yenyewe. Coco Beach iko jirani na ghuba ambamo Mto Msimbazi unamwaga, pale Daraja la Salenda na lile la Tanzanite. Mto huo unapita katikati ya jiji na kubeba kila kitu ambacho jiji limekitupa. Mvua za masika au vuli zikinyesha, maji ya ufukweni yanapungua chumvi na kuongezeka uchafu. Maji ya bahari yanafaa kama una mtu wa boti atakayekuchotea mbali, nje ya visiwa na nje ya mipaka ya hifadhi, siku za bamvua maji yakiwa yanajaa, na si ndani ya wiki ya mvua kubwa. Yachuje kwa kitambaa laini sana, yakae gizani kwenye madumu ya chakula siku kadhaa, kisha pima chumvi na fosfeti kabla ya kutumia. Mimi kwa mtu wa ghorofa ya tatu asiye na boti nashauri chumvi ya akwariamu ya kuchanganya. Utahitaji kama gramu 36 kwa kila lita. Na tafadhali usidanganywe na chumvi ya mashamba ya Bagamoyo au ya dukani: inapokauka na kuvunwa, inabaki karibu yote chumvi ya kawaida, wakati sehemu kubwa ya magnesiamu imebaki kwenye maji yanayomwagwa, na kalsiamu imeshaganda mapema kwenye mabwawa ya mwanzo. Tumbawe litakufa njaa ya madini kwenye maji yenye chumvi tele.

Maji ya kuchanganyia yawe ya mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando unaozuia madini, yenye hatua ya mwisho ya resini, na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kisome sifuri. Maji ya bomba yana klorini, ya visima vya Dar mengi yana chumvichumvi na naitreti. Ya chupa yameongezwa madini, kwa hiyo nayo si haya. Mtaani kwenu kukiwa na anayeuza maji ya RO kwa madumu, nenda na kipimo chako mkononi, usiulize.

Jambo moja ambalo wanaotoka kwenye maji baridi hulisahau: yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Ukiwa na feni utapoteza kama lita tatu kwa siku. Usipoyarudisha siku tatu, chumvi imetoka 35 kwa elfu ikapita 37. Kwa hiyo unajazia maji matupu ya RO, kila siku, au ununue kifaa chenye boya kinachojazia chenyewe. Maji ya chumvi ni kwa kubadilisha tu, lita 15 kila wiki. Chumvi ipime kwa rifraktomita uliyoisawazisha kwa maji maalumu ya 35, kwani ikisawazishwa kwa maji matupu pekee inaweza kukudanganya upande wa juu.

Mawe. Hapa Dar tuna bahati. Mawe ya matumbawe ya kale yanachimbwa nchi kavu kwa ajili ya ujenzi, ndiyo waliyojengea majumba ya zamani ya pwani yote. Hayo ni visukuku, hayana tatizo la hifadhi. Chagua yenye vitundu vingi na mepesi kuliko yanavyoonekana, yaliyokuwa mbali na saruji na mafuta. Yasugue kwa brashi ngumu, yaloweke kwenye maji ya RO wiki mbili tatu ukiyabadilisha, na mwishoni pima fosfeti ya yale maji. Ikiwa juu, endelea kuloweka. Kilo 12 hadi 15 zinatosha. Ziache na mapango na njia za maji, usizirundike kama ukuta.

Ukishatia maji, chumvi na mawe, humo bado hamna uhai wa kusafisha. Weka bakteria wa kusafisha wanaouzwa kwenye chupa, na amonia mpaka ifike miligramu 2 kwa lita. Kundi moja la bakteria litaigeuza kuwa naitraiti, jingine litaigeuza hiyo kuwa naitreti, na kwa kawaida hilo huchukua wiki nne hadi sita. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri ndani ya siku moja baada ya kutia dozi, tanki limeiva kwa samaki. Kwa matumbawe bado. Litapita kwanza kipindi cha sura mbaya: vumbi la kahawia, kisha majani ya kijani, kisha madoa ya waridi magumu kwenye mawe. Hayo ya waridi ni mwani unaojenga chokaa, na ukiyaona yanatanda ujue kemia yako imeanza kutulia. Watu wengi hukata tamaa kwenye kahawia, wakamwaga kila kitu na kuanza upya, wakarudi kwenye kahawia ile ile.

Taa na mkondo nitapita haraka. Taa iwe ya LED yenye bluu nyingi, iwake kwa muda wa saa nane hadi kumi kila siku, ukianza na theluthi moja ya nguvu na kuongeza polepole kwa wiki kadhaa. Acropora watataka PAR, yaani kipimo cha mwanga unaotumiwa na vijimwani, ya 200 hadi 300; matumbawe yenye polipu (vile vinywa vya tumbawe) kubwa, nusu ya hiyo au chini. Usiliweke tanki kwenye jua la dirishani. Mkondo uwe mara 20 hadi 40 ya ujazo wa tanki la juu kwa saa, yaani pampu mbili zinazopigana katikati, maji yazunguke bila kulichapa tumbawe upande mmoja.

Kinachotaka umakini wako wa kila siku ni ualikali, yaani akiba ya kaboneti kwenye maji, ule ambao kwenye vipimo umeandikwa KH. Ndio tumbawe linaoula kwa kasi zaidi. Shika kati ya digrii 8 na 9, kalsiamu 400 hadi 450 na magnesiamu 1,250 hadi 1,350, zote miligramu kwa lita. Namba yenyewe si hoja kubwa kama kutulia kwake: anayekaa 7.8 mwezi mzima ana matumbawe mazuri kuliko anayeruka kati ya 7 na 10. Fanya hivi. Pima ualikali saa ile ile siku ya kwanza na siku ya nne, bila kuongeza kitu. Tuseme umetoka 8.4 ukafika 7.8. Umeliwa 0.6 kwa siku tatu, yaani 0.2 kwa siku. Kupandisha lita 100 kwa digrii moja kunahitaji gramu 3 za baikaboneti ya sodiamu safi. Wewe una lita 150, unahitaji 0.2 tu, kwa hiyo ni gramu 0.9 kila siku, iliyoyeyushwa kwenye maji ya RO na kumiminwa taratibu penye mkondo. Pata mizani ndogo ya sonara. Magadi ya sokoni usiguse, yale ni mchanganyiko wa vitu vingi.

Kalsiamu itakushangaza kwa utulivu wake. Kila digrii 2.8 za ualikali zinazoliwa, kalsiamu inapungua miligramu 20 tu kwa lita, kwa hiyo kwa ulaji huo wa mwanzo inashuka kama 1.4 kwa siku, na kubadilisha maji kila wiki kunafidia sehemu yake. Pima mara moja kwa wiki. Ukija kuona inashuka, ongeza kloridi ya kalsiamu, wakati tofauti na baikaboneti, kwani zikikutana zikiwa nzito zinaganda kuwa chokaa mbele ya macho yako. Ualikali ukikuta umeshuka sana, usiurudishe kwa mpigo. Digrii moja kwa siku ni ukomo. Naitreti iwe miligramu 2 hadi 10 kwa lita, fosfeti 0.03 hadi 0.1, na usizikimbize mpaka sifuri, tumbawe nalo linakula.

Kuhusu kipande cha Bongoyo. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na leo yako chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Humo hung'oi kitu, hata kipande kilichokatika chenyewe. Vipande hivyo vingine hushika tena chini na kuendelea kukua. Pia matumbawe magumu yote yaliyo hai yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo yanayotoka nje yanakuja na kibali cha nchi yalikotoka pamoja na vibali vya hapa. Akija mtu na ndoo akakuambia "mzigo wa leo asubuhi", mwache apite. Unachotafuta ni vipandikizi vilivyokuzwa kwenye matanki, na utavijua hivi: geuza kijiwe kilichogandishiwa. Kipandikizi kilichokuzwa kimetambaa juu ya kijiwe, nyama imefunika gundi na ukingo. Kilichovunjwa juzi kina jeraha jeupe chini na gundi mpya inang'aa.

Tanki likifikisha mwezi wake wa tatu, anza na wale wavumilivu: Montipora, Pocillopora, Stylophora. Kimoja kimoja, wiki mbili kati yake. Kila kipya kiogeshwe dawa ya kuulia wadudu wa matumbawe kwenye bakuli la pembeni kabla hakijaingia. Galaxea ni mzuri lakini ana mikono mirefu ya usiku inayochoma majirani, mpe nafasi ya sentimita 15 pande zote. Acropora wasubiri mpaka tanki litimize miezi sita na namba zako za ualikali zimenyooka kwenye daftari.

Nikuonye na jambo ambalo vitabu vya Ulaya havina: dawa ya mbu ya kupuliza. Sumu zake nyingi zinaua kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana, na skima inavuta hewa ya chumba siku nzima na kuichanganya na maji. Chumba cha tanki kiwe na chandarua na wavu wa madirishani. Wakija wapulizaji wa jengo, zima skima, funika tanki, fungua madirisha saa kadhaa kabla ya kuwasha tena. Udi nao uchomee chumba kingine. Na dawa yoyote ya samaki yenye shaba isiingie humo kamwe.

Kangaja sasa. Ni muogeleaji wa masafa, anahitaji tanki lenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi, kwako atakuwa mkorofi na mgonjwa. Kitatange nao wengi ni walaji wa polipu, watakula ulichokilipia. Kikande atatafuna konokono wako wote wa kusafisha. Weka jozi ya Amphiprion wadogo, wale samaki wanaoishi na anemoni baharini, na kijisamaki kimoja cha chini, uwatie baada ya bakteria kuiva na kabla ya tumbawe la kwanza, uwalishe kidogo mara mbili kwa siku. Kinyesi chao ndicho kitakachokupa ile naitreti ya 2 hadi 10 bila kununua.